Akili ya Mtoto Hufunguka kwa Daraja

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Shukrani zote ni zake, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, wanaume na wanawake: mtu akipanda mche wa mnazi hauendei mwezi wa pili akautikisa apate madafu. Ajua kuwa hana budi kungoja miaka sita au saba, na huku aupalilia na kuulinda na wanyama. Lakini mtu huyohuyo humchukua mtoto wake wa miaka mitano akamtaka akili ya mtu mzima, na asipoiona humpiga. Kisha mtoto huyo akitimia miaka kumi na mitano, na mti umeanza kuzaa, humtaka arejee kuwa kama wa miaka mitano: asiulize wala asiseme. Makosa haya mawili ndiyo tutakayo kuyaeleza leo, kwani la kwanza hutuumizia watoto wetu, na la pili hutupotezea.

Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura ya An-Nahl, aya ya 78, ya kuwa alitutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui lolote, akatupa masikio na macho na nyoyo ili tupate kushukuru. Basi ujinga wa mtoto mchanga si aibu yake wala si ukaidi wake. Ndivyo alivyoumbwa, na kila mmoja wetu alianzia hapo, sheikh na mwanafunzi, tajiri na hamali.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake cha Al-Munqidh jinsi mwanadamu afunguliwavyo mambo kidogo kidogo. Kwanza hupewa kuhisi kwa kugusa, akajua moto na baridi, laini na kigumu. Kisha huja kuona, kisha kusikia, kisha kuonja. Akikaribia miaka saba hufunguliwa tamyizi, nayo ni nguvu ya kupambanua mambo yaliyo zaidi ya yale yagusikayo na kuonekana. Baada ya hapo hupanda daraja ya akili, akajua lipasalo, na liwezekanalo, na lisilowezekana. Na kila daraja, asema Imamu, mtu huona ndani yake mambo ambayo katika daraja iliyotangulia hakuwa na macho ya kuyaonea.

Sharia yetu nayo imekwenda na daraja hizi. Mtume (S.A.W.) ametuamuru tuwaamrishe watoto wetu sala wakitimia miaka saba. Mwenye kuamrishwa hapa ni mzazi. Mtoto hana dhambi bado, kwani kalamu imeinuliwa juu yake mpaka abaleghe. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 58, watoto ambao hawajabaleghe wametakiwa wabishe hodi kwa wazee wao katika nyakati tatu tu: kabla ya sala ya alfajiri, na adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya sala ya isha. Aya ifuatayo yasema ya kuwa wakibaleghe, wabishe hodi kila wakati. Kisha katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 6, tumeambiwa ya kuwa hata yatima aliyebaleghe hapewi mali yake mpaka uonekane kwake uongofu wa kuitumia, yaani rushdi. Tamyizi, kubaleghe, rushdi: hizo ni daraja tatu, na kila moja ina mzigo wake. Mola wetu, aliye Muweza wa kila kitu, hakumtwika mtoto mzigo wote siku moja. Sisi ni nani hata tumtwike?

Na katika zama hizi wametokea wataalamu waliokaa na watoto, wakawauliza na kuwasikiliza. Aliye mashuhuri zaidi ni Jean Piaget wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufa mwaka 1980. Mtu huyu alitia maji katika bilauri mbili zilizo sawa, mtoto akakubali kuwa maji ni sawasawa. Kisha mbele ya macho yake maji ya bilauri moja yakamiminwa katika chombo chembamba kirefu, akaulizwa: wapi maji ni mengi? Mtoto wa miaka minne au mitano hujibu ya kuwa mengi ni yale ya chombo kirefu. Na mtoto wa kadiri ya miaka saba husema: ni yaleyale, hapana kilichozidishwa wala kilichopunguzwa. Waliokuja baada ya Piaget wamemkosoa katika baadhi ya mambo. Wameonyesha kuwa watoto wadogo hufahamu zaidi ya vile alivyodhani, wakiulizwa kwa maneno wayajuayo na kwa mambo ya maisha yao, na kuwa miaka hii si mpaka usiovukwa. Lakini asili ya jambo imethibiti: akili ya mtoto si akili ya mtu mzima iliyo ndogo. Huona kwa namna yake, kisha hubadilika.

Wala hatusemi haya ili tuitafutie dini yetu shahada kwa watu wa Ulaya. Dini yetu haina haja ya shahada hiyo. Twayasema kwa sababu elimu yenye manufaa Mwislamu huichukua popote aikutapo, na kwa sababu jambo hili laonekana majumbani mwetu kila Ramadhani. Mama humiminia watoto sherbeti wakati wa kufuturu, mmoja akapata bilauri pana na mwenziwe nyembamba. Mdogo hulia: "Wangu mchache!" Mama humwapia kuwa ni sawa, naye hazidi ila kulia, mwisho hupigwa kofi na kuambiwa ana choyo. Wallahi mtoto huyo hana choyo. Amesema alivyoona. Mpe bilauri iliyo sawa na ya mwenziwe, na umngoje miaka miwili.

Jambo la pili ni zito kuliko hilo. Mwaka 1932, ambao ndio mwaka Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (Mwenyezi Mungu amrehemu) alipotoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa, Piaget alitoa kitabu juu ya jinsi watoto wahukumuvyo mema na maovu. Aliwahadithia watoto habari ya vijana wawili. Wa kwanza alifungua mlango, asijue kuwa nyuma yake pana vikombe, vikavunjika kumi na tano. Wa pili alipanda kabatini kuiba kitamu mama hayupo, akavunja kikombe kimoja. Yupi mwovu zaidi? Watoto wadogo wengi walisema ni wa kwanza, kwani amevunja vingi. Wakubwa zaidi walisema ni wa pili, kwani nia yake ilikuwa mbaya.

Enyi ndugu, sisi ni umma ambao Mtume wake amewafundisha ya kuwa amali huhisabiwa kwa nia. Sasa kila mmoja wetu na aiulize nafsi yake: mtoto wangu akivunja chombo, mimi nampiga kwa nia yake au kwa bei ya chombo? Kikiwa kikombe cha mkahawani twasema "pole". Ikiwa ni sahani ya kauri aliyoiacha bibi, twashika fimbo, na mtoto alikuwa akimpelekea babaye maji. Mzazi afanyaye hivi amehukumu kwa hukumu ya mtoto wa miaka minne. Mtoto akikua akijua kuwa kosa ni lile lililogharimu pesa, wala si lile lililotoka katika moyo mbaya, tusishangae akiwa mtu mzima afanyaye dhuluma kimyakimya na huku anaona ya kuwa maadamu hakuna kilichovunjika, hana lawama.

Basi na tumtazame aliye mwalimu wa walimu, Mtume wetu (S.A.W.), tuone aliwafundishaje watoto kila mmoja kwa daraja yake. Mjukuu wake Hasan, alipokuwa mtoto mdogo, alichukua tende ya sadaka akaitia kinywani. Mtume alimtolea sauti ya kumkataza, sauti ile wajuayo watoto, ili aiteme, kisha akampa sababu fupi: sisi hatuli sadaka. Umar bin Abi Salama, kijana aliyelelewa nyumbani mwake, alikuwa mkono wake ukizunguka sahanini. Alimfundisha mambo matatu mepesi: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale cha mbele yake. Na Ibn Abbas, ambaye Mtume alipofariki alikuwa wa kadiri ya miaka kumi na mitatu, alipanda nyuma yake juu ya mnyama, naye akamfundisha mambo makubwa ya tauhidi na kadari: ya kuwa umma wote ukikusanyika umnufaishe au umdhuru, hauwezi ila kwa lile ambalo Mwenyezi Mungu amekwisha kuliandika.

Kisha akaja kijana, kama ilivyopokewa katika Musnad ya Imamu Ahmad kutoka kwa Abu Umama, akaomba mbele ya watu aruhusiwe kuzini. Watu walimkemea. Mtume (S.A.W.) akamwita karibu, akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mamaye, kwa bintiye, kwa dada yake, kwa shangazi yake na kwa mama yake mdogo, na kila mara kijana akajibu la, na Mtume akamwambia ya kuwa watu wengine nao hawalipendi kwa jamaa zao. Kisha akamwekea mkono na kumwombea. Hakumpiga, wala hakumfukuza, wala hakumwambia amekufuru. Aliiona akili yake imefika pa kupima mambo, akampa mizani.

Hapa ndipo pana msiba wetu. Mtoto akifika miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, huanza kufikiri mambo asiyoyaona kwa macho. Huuliza: kwa nini? Wajuaje? Na ingelikuwa kinyume chake, ingelikuwaje? Maswali haya ni dalili ya kuwa Mola wake amemfungulia daraja aliyoitaja Imamu Ghazali. Ni siku ya kumshukuru Mungu. Sisi hudhani mtoto ameharibika.

Nami sitawalaumu wengine nijiache nafsi yangu. Nilipokuwa kijana nikisomesha chuoni, mtoto wa miaka kumi na miwili, mwenye kuhifadhi upesi kuliko wenziwe, aliniuliza: "Maalim, ikiwa Mwenyezi Mungu amekwisha kujua nani ataingia motoni, kwa nini tunaandikiwa amali?" Sikuwa na jawabu papo hapo, na wanafunzi wote walikuwa wakinitazama. Nilimpiga henzirani nikamwambia asirejee kusema maneno ya kufuru. Hakurejea. Alikaa chuoni mwangu miaka miwili baada ya hapo, akasoma vizuri, wala hakuniuliza tena swali lolote. Nami niliona fahari kuwa nimemtia adabu.

Alipotimia miaka kumi na tisa aliondoka kwao usiku. Alikuwa amempata mtu wa kumjibu, katika simu yake, faraghani. Na mtu huyo alimjibu kila swali kwa jawabu moja, nalo ni damu. Mama yake alinijia kuniomba dua. Hata leo hajui kama mwanawe yu hai, wala kama ana kaburi. Sisemi kuwa henzirani yangu ndiyo iliyompeleka huko. Mambo ya watu yana sababu nyingi, na ajuaye ni Mwenyezi Mungu. Lakini nasema hivi: mimi ndiye aliyeniuliza kwanza.

Na lililonitia haya zaidi ni kwamba swali lile si geni katika dini yetu. Masahaba walimuuliza Mtume (S.A.W.) mfano wake hasa. Alipowaambia ya kuwa kila mtu makazi yake yamekwisha kuandikwa, walisema: basi si tutegemee yaliyoandikwa tukaache amali? Akawaambia wafanye amali, kwani kila mtu husahilishiwa lile aliloumbiwa. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, nami nilikuwa nimeisoma. Mtoto wangu wa chuoni aliuliza walilouliza masahaba, naye akapata nisichokipata mimi katika Sunna yote: fimbo kwa swali.

Huenda akasema msemaji: "Wazee wetu wamesema, samaki mkunje angali mbichi, na mcha mwana kulia, hulia yeye." Twamjibu: wazee wamesema kweli. Kumkunja mtoto ni kumzoeza mema mapema, na kutomcha kulia ni kutomwachia afanye apendalo. Hapana katika methali hizo lililomkataza mtoto kuuliza. Na wazee haohao ndio waliosema kuuliza si ujinga.

Akisema: "Hadithi imetaja kupiga kwa ajili ya sala katika miaka kumi." Twamjibu: ndiyo, na iliyataja hayo baada ya miaka mitatu ya kuamrisha. Hesabu sala tano kila siku kwa miaka mitatu: ni zaidi ya mara 5,000. Nani katika sisi amemwamrisha mwanawe kwa upole mara 5,000, kisha ndipo akashika fimbo? Tena wanavyuoni wameshurutisha pigo lisiwe la kuumiza, wala lisiwe usoni. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, amenukulu kutoka kwa Ibn Abi Zayd ya kuwa mwalimu asizidishe mapigo matatu, akaeleza ya kuwa mwanafunzi aliyelelewa kwa ukali hufundishika uwongo na hila, kwa kuogopa mikono ya wenye nguvu. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imemkinga kila mtu na adhabu ya viboko. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi, toka utotoni, naye amesema ya kuwa Mtume hakumwambia hata siku moja neno la kuudhika. Mwenye kutafuta Sunna katika malezi, na aanzie hapo.

Akisema tena: "Je, tumwachie kijana kila akilini mwake linapompeleka?" Hasha! Kufunguka kwa akili si kukomaa kwake. Wataalamu wa leo wameona ya kuwa sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo na kazi ya kujizuia na kutazama mwisho wa mambo, huendelea kukomaa hata baada ya miaka ishirini. Na Imamu Abu Hanifa alisema zamani ya kuwa asiye na uongofu wa mali azuiliwe mali yake mpaka miaka ishirini na mitano. Madhehebu yetu ya Shafii hayakuweka idadi ya miaka. Yametazama rushdi yenyewe. Basi kijana wa miaka kumi na sita ana akili ya kuuliza kama mtu mzima, lakini hana bado hatamu ya mtu mzima. Ndiyo maana amhitaji mzazi zaidi wakati ule ambao mzazi hudhani amekwisha kulea.

Wala rushdi haiji kwa kungojwa. Imamu Nawawi, katika Minhaj isomwayo misikitini mwetu, ameeleza jinsi ya kumjaribu mtoto: mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua na kupatana bei; mtoto wa mkulima kwa ukulima na kuwalipa vibarua; mtoto wa fundi kwa mambo ya ufundi wa babaye; na mtoto wa kike kwa kazi yake na kukilinda chakula na paka na mfano wake. Nako hurudiwa, mara mbili au zaidi, kabla ya kubaleghe. Tazameni hekima hii! Mtoto apewa jambo dogo la kweli mkononi mwake, akosee lingali dogo. Sisi huwanyima watoto wetu hata kushika pesa za sokoni, kisha siku ya arusi tukawakabidhi nyumba nzima.

Enyi ndugu, nawausia mambo matatu. La kwanza: msimwadhibu mtoto mdogo kwa lile ambalo akili yake haijalifikia, na mwacheni acheze, Imamu Ghazali amesema katika Ihya ya kuwa kumzuia mtoto kucheza na kumlemea kwa masomo daima huufisha moyo wake na kuzima wepesi wa akili yake. La pili: mhukumuni kwa nia yake kabla ya kuhesabu hasara yenu. La tatu: akiuliza, mjibuni. Na msipojua, semeni "sijui, twende tukamuulize fulani," mkamshika mkono mkaenda naye. Hapana mzazi aliyepungukiwa na heshima kwa neno hilo, wala mwalimu.

Nabii Ibrahim (A.S.) alipoona katika usingizi ya kuwa anamchinja mwanawe, naye ni Nabii mwenye amri kutoka kwa Mola wake, hakumburuta. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya As-Saffat, aya ya 102, ya kuwa mtoto alikuwa amefika umri wa kufanya kazi pamoja na babaye, na babaye akamwambia aliyoyaona, kisha akamuuliza yeye aonaje. Aliuliza rai ya mtoto katika jambo ambalo Mungu amekwisha kuliamuru! Na jawabu la mtoto lilikuwa ni utii ambao dunia haijauona mfano wake. Utii ule ulitoka kwa mtoto aliyeulizwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie wazazi na walimu wenye subira, awahifadhi watoto wetu waliopo, awarejeshe waliopotea, na awape faraja mama wanaongoja mlangoni. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.